Elementi namba 112: ndugu wa zebaki anayeishika dhahabu kwa unyonge

Wanafunzi wangu wa kemia hapa Mbeya wakifika chini kabisa ya jedwali la elementi swali lao ni lilelile, hizi za mwisho zina kazi gani, na mi nawajibu kwa kifupi, kazi hazina, twende mbele. Ila kopenisiamu, namba 112, alama yake Cn, hiyo siwezi kuipita hivihivi kwa sababu imekaa safu moja na zinki, kadimiamu na zebaki, tena chini ya zebaki yenyewe, na zebaki kwa mtu wa mkoa huu sio habari ya kwenye vitabu, nenda Chunya, nenda Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, utaikuta kwenye karai.

Mnajua inavyoenda. Mchanga umeshapita karasha (mashine ya kusaga mawe), umeshaoshwa kwenye mwalo (mteremko wa kuoshea mchanga), unatiwa kwenye karai na maji kidogo, inamwagwa zebaki, mtu anasugua kwa mikono mitupu (jamani hiyo ni sumu, na mvuke wake wakati wa kuchoma ndio mbaya zaidi), zebaki inazikamata chembe za dhahabu na kuuacha mchanga, inakamuliwa kwenye kitambaa, linabaki donge jeupe la kuchoma. Sasa hiyo tabia ya zebaki kung'ang'ania dhahabu ndiyo waliyoitumia kuipima 112.

Yenyewe haichimbwi popote. Februari 1996 pale Darmstadt, Ujerumani, kwenye kituo cha GSI, timu ya Sigurd Hofmann walirusha atomu za zinki kwa kasi kubwa kwenye bamba la risasi, zinki ina protoni 30, risasi 82, jumlisha mwenyewe. Waliripoti atomu mbili, baadaye data zikakaguliwa upya na moja ikafutwa, kwa hiyo hesabu ni atomu moja! Jina likapitishwa tarehe 19 Februari 2010, siku ya kuzaliwa ya Copernicus, mwanaastronomia ambaye elementi hii imepewa jina lake. Na haikai: hata ile aina ya uzito 285 (yaani protoni na nyutroni zake jumla), ambayo ni kati ya zinazojikongoja kuliko nyingine, ukiwa nayo nusu inakuwa imeshaoza, yaani viini vimevunjika na kuwa elementi nyingine, ndani ya nusu dakika hivi.

Kwa hiyo utafanyaje kemia na atomu moja ambayo sekunde chache zijazo haipo? Majaribio yalifanyika Dubna, Urusi, timu ya Robert Eichler na wenzake wa Uswisi na Urusi, wakapiga plutoniamu kwa kalsiamu-48, ikazaliwa namba 114, hiyo nayo ikaoza fasta ikawa 112 ya uzito 283, ambayo inakupa kama sekunde 4 za kufanya kazi. Gesi ya heliamu na agoni inaisukuma kwenye mfereji mwembamba uliopangwa ditekta (vifaa vya kugundua atomu ikioza) zenye dhahabu, mlangoni joto ni la kawaida tu, mwisho kabisa ni karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Ukipitisha zebaki humo inanasa pale pale mlangoni. Ukipitisha radoni, gesi isiyotaka kujuana na mtu, inateleza mpaka mwisho kwenye baridi kali. Na 112? Matokeo ya 2007 yana atomu mbili, moja ilinasa kwenye nyuzi -5, nyingine -28, zikajulikana ni zenyewe kwa sababu kila moja ilitema chembe ya alfa (protoni mbili na nyutroni mbili) na punde tu kilichobaki kikapasuka vipande viwili, ditekta ikasoma yote.

Maana yake dhahabu inaishika kweli, sio kama radoni, ila inaishika kwa unyonge kuliko inavyoishika zebaki. Chunya wangeikataa.

Sababu ni Einstein, yaani nadharia yake ya uhusianifu kuhusu vitu vinavyokimbia karibu na kasi ya mwanga. Kiini chenye protoni 112 kinavuta vibaya mno, elektroni za ndani kabisa zinakimbia kwa takriban asilimia 80 ya kasi ya mwanga, zinakuwa nzito, njia zao zinajikunja kuelekea kiini, na zile mbili za nje ambazo kwa kawaida ndizo za kushirikiana na majirani nazo zinavutwa ndani zinabanwa huko. Zebaki ina ugonjwa huohuo lakini kidogo, ndio maana ni kimiminika wakati zinki inasubiri nyuzi 420 iyeyuke na kadimiamu 321.

Hapa ndipo wanafunzi wanakosea, wanaona 420, 321, na -39 ya zebaki, wanasema basi inayofuata iko chini zaidi. Hapana. Mahesabu ya kompyuta ya 2019 yanasema ingeyeyuka kwenye nyuzi 10 hivi na kuchemka kwenye 67 hivi, kukosea kukiwa kama nyuzi 10 huku na huku, wakati zebaki inachemka kwenye 357. Yaani Mbeya hii ya Juni, ukiiacha nje usiku ingeganda na saa sita mchana ni maji. Ukiondoa Einstein kwenye mahesabu hayohayo inarudi kuwa metali ya kawaida tu kama zinki na kadimiamu.

Hiyo 67 ni kwa mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, huku kwetu juu ingechemka mapema kidogo. Ila wa kuhakikisha hayupo, atomu zote zilizowahi kutengenezwa duniani ukizirundika pamoja hazifiki hata punje ya vumbi ya kuonekana kwa macho.