«Définitivement» si «bila shaka»

Wanafunzi wengi wa tafsiri huamini kwamba neno la Kiingereza «definitely» lina pacha wake katika Kifaransa, yaani «définitivement», kwa kuwa yote mawili yana asili ya Kilatini na yanafanana kwa sura. Imani hiyo inapotosha. Katika Kifaransa sanifu, «Il est parti définitivement» maana yake ameondoka moja kwa moja, hatarudi tena, wala si kwamba hakuna shaka kuwa ameondoka. Anayekubali kwa uhakika hujibu «absolument», «tout à fait» au «bien sûr».

Mtego wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio mbaya zaidi, ni «sans doute». Neno kwa neno ni «bila shaka», lakini katika matumizi ya leo ni «yamkini» tu. Kwa hiyo mtu akikuandikia «Je viendrai sans doute», ukatafsiri kwamba atakuja bila shaka, umemfunga kwa ahadi ambayo hakuitoa. Likiongezwa neno dogo «aucun», ikawa «sans aucun doute», ndipo shaka inapoondoka kweli.