Wembe wa kukunja: makali yanayotunzwa na makali yanayoliwa na kinoo

Wembe wa kukunja, ule wenye bapa moja la feleji linalojificha ndani ya kipini chake, hauuawi na ndevu. Nimefanya kazi ya unyozi hapa Mombasa kwa miaka mingi, na uso wangu mwenyewe siunyoi kwa chombo kingine. Karibu nyembe zote nilizoletewa zikiwa hazifai tena zilikuwa zimeuawa na mambo mawili: kutu, na kinoo cha mtu mwenye bidii kupita kiasi. Ndevu hupunguza makali kidogo kidogo, na upungufu huo hurekebishika, lakini feleji iliyokwisha kuliwa na jiwe hairudi.

Umbo la wembe lenyewe linaeleza sababu. Bapa lina mgongo mnene upande mmoja na makali upande wa pili, na katikati limechimbwa pande zote mbili hadi likawa jembamba sana. Anayenoa hana haja ya kukisia pembe, kwa kuwa hulaza bapa juu ya jiwe mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaoamua pembe itakuwa ipi. Kwa nyembe nyingi huwa kati ya nyuzi 15 na 18. Mafundi waliobuni umbo hili walikuwa werevu, kwani makali yanapoliwa mgongo nao huliwa, na pembe hubaki karibu ile ile hata baada ya miongo kadhaa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kila unoaji hupunguza vyote viwili. Upana wa wembe hutajwa kwa sehemu ya nane ya inchi, na zilizozoeleka ni 5/8 na 6/8, yaani takriban milimita 16 hadi 19. Nimeshika nyembe za zamani zilizotengenezwa Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, zilizokonda hadi hazifiki 4/8, na mstari mpana unaong'aa kwenye mgongo wake ulitosha kunieleza kilichozikondesha.

Kinachotunza makali siku hadi siku ni ukanda wa ngozi, na hapa ndipo ningependa msomaji anayeanza atumie muda wake mwingi. Ukanda hutundikwa kwenye ndoano, mwisho wake mwingine ukashikwa kwa mkono na kuvutwa hadi ukakaza. Wembe hulazwa bapa kabisa, kisha ukapelekwa mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, kinyume cha vile unavyokwenda kwenye jiwe. Ukifika mwisho, wembe hugeuzwa kwa kuviringika juu ya mgongo wake, bila mgongo huo kuinuka kutoka kwenye ngozi, ndipo ukarudi. Mimi huanza upande wa kitani wa ukanda huo, mara 20 hivi za kwenda na kurudi, kisha nikahamia kwenye ngozi kwa mara 40 au 50, na hufanya hivyo kabla ya kila kunyoa. Hakuna nguvu inayohitajika zaidi ya uzito wa wembe na uangalifu wa kuuweka bapa. Vijana ninaowafundisha hupenda kasi, kwa sababu wameona kwenye video wanyozi wakipiga ukanda kwa mlio, lakini kasi bila mkono uliozoea huukata ukanda na kuyaviringa makali katika dakika moja. Ukanda uliolegea una madhara kama hayo pia: ngozi hupanda kuzunguka makali na kuyafanya duara, kisha mwenye wembe analaumu chuma.

Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Gianluca Roscioli na wenzake, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa jinsi unywele unavyoharibu wembe, ingawa ni laini takriban mara 50 kuliko feleji. Kwa hadubini waliona kwamba makali hayaishi kwa kulika tu, bali hubanduka vipande vidogo mno, hasa pale unywele unapopinda na kukutana na makali kwa mshazari, na feleji ya mahali hapo ikiwa haina uimara unaolingana pande zote. Walitumia nyembe za kutupa, ambazo feleji yake si sawa na ya wembe wangu. Hata hivyo, matokeo yao yanaafikiana na ninayoyaona kila siku: ndevu zilizolainishwa vizuri, zinazokatwa kwa pembe ndogo ya karibu nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, huacha makali salama kwa muda mrefu, ilhali ndevu kavu zinazoparuzwa kwa pembe kubwa huyamaliza mapema. Kwa hiyo maji ya vuguvugu yaachwe juu ya ndevu dakika mbili tatu kabla ya povu. Hatua hiyo hurukwa na wengi, nami naiona kuwa na thamani kuliko sabuni yoyote ya bei ghali.

Jiwe basi hutumika lini? Hutumika pale ambapo ukanda umeshindwa kurudisha makali, na kwa mtu anayenyoa mara kwa mara hali hiyo huja baada ya miezi, wala si wiki. Hapo hutosha jiwe laini sana, lenye namba 8000 au 12000 (namba ikiwa kubwa zaidi, jiwe huwa laini zaidi), maji kidogo na mipito michache. Jiwe la namba 1000 liachwe kwa wembe uliomeguka au uliokutwa kwenye sanduku la babu. Wapo wanaopenda jiwe la manjano la Ubelgiji, lichimbwalo eneo la Vielsalm katika Ardennes, ambalo hukata kwa chembe ndogo za ganeti, madini magumu, zilizomo ndani yake. Ni jiwe zuri, na bei yake inajulikana. Asiyekuwa nalo hapungukiwi na kitu. Jambo la lazima ni kwamba uso wa jiwe uwe tambarare kabisa, maana jiwe lenye bonde huupa wembe makali yaliyopinda.

Kuhusu kutu, sisi wa pwani tuna shida ambayo wenzetu wa bara hawaijui sana. Nyembe nyingi za aina hii ni za feleji yenye kaboni nyingi, isiyoweza kuvumilia hewa yenye unyevu na chumvi. Mimi hupangusa bapa kwa kitambaa kikavu, hulipitisha kwenye kitani mara chache ili makali nayo yakauke, hukausha tundu la kipini, kisha hupaka tone la mafuta ya cherehani. Wembe usihifadhiwe bafuni wala ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na kuukumbatisha chuma usiku kucha.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi wenye nywele za kipilipili ni vipele vya ndevu. Unywele uliopinda ukikatwa karibu mno hubaki na ncha kali chini ya uso wa ngozi, na unapoota tena hutoboa ukuta wa kitundu chake, au hutoka nje ukajipinda na kuingia upya kwenye ngozi. Mwili huuona kama mwiba, na uvimbe hufuata. Wembe wa kukunja, kwa kuwa una bapa moja tu, hauuvuti unywele kabla ya kuukata kama zifanyavyo nyembe zenye mabapa mawili au matatu, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo hupotea mara mtu anapovuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume na uotaji, yaani mwelekeo ndevu zinakoota, ili kidevu kiwe laini kama yai. Wateja wenye vipele huwaambia wazi kwamba watanyolewa kwa kufuata uotaji pekee, mpito mmoja au miwili, na kwamba kivuli kidogo cha ndevu kitabaki. Shingoni uotaji hubadilika-badilika, upande mmoja ukishuka na mwingine ukienda mshazari, hivyo ni vyema kupapasa kwa vidole kabla ya kupaka povu. Mwishoni maji baridi na kipande cha shabu, ambacho kila mtu awe na chake, hutosha.

Naposema wateja, nieleweke kwamba wembe wangu wa kukunja haugusi uso wa mtu mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na wembe wa feleji ya kaboni wenye kipini cha pembe ya mnyama hauvumilii mvuke wa kuua vijidudu. Dukani hutumia kishikio cha wembe wa kubadilisha, ninaouvunja nusu na kuufungua mbele ya mteja, kisha nikautupa. Mkono ni ule ule na pembe ni ile ile, ila wembe huo hauhitaji ukanda wala kinoo. Anayetaka wembe wa kukunja wa kweli na anunue wake, autunze nyumbani, wala asimwazime hata nduguye.