Maji ya Kilimanjaro chini ya mpaka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro, upande wa Tanzania, ndiyo inayojaza vinamasi wanakokunywa tembo wa Amboseli. Ndiyo inayomwagilia mashamba ya Taveta, na kwa bomba la Nolturesh inafika hadi Machakos na Athi River. Kote huko ni Kenya. Safari hiyo inafanyika ndani ya miamba, haionekani, na ndiyo maana maneno ni mengi.

“Chemchemi zinalishwa na barafu ya Kibo.”
Hili husikika kila picha ya kilele kilichopungua weupe inaposambaa. Barafu iliyobaki ni kidogo, na sehemu yake kubwa hupotea hewani bila hata kuteremka mlimani. Kinacholisha miamba ni mvua ya ukanda wa msitu, pamoja na ukungu unaonaswa na matawi na kudondoka tone kwa tone. Kwa hiyo mtu wa Loitokitok anayehofia maji yake asikodolee macho kilele. Aulize habari za moto, ambao umeteketeza eneo kubwa la misitu ya juu kwa miongo kadhaa sasa.

“Chemchemi za Taveta ni Ziwa Chala linalovuja.”
Dhana hii ina mantiki, ndiyo sababu haifi. Chala ni ziwa la kreta, mpaka unalikata katikati, hakuna mto wa kudumu unaoingia wala kutoka, na bado maji yake ni baridi yasiyo na chumvi. Lazima basi yanavuja, na kweli yanavuja. Kosa linakuja pale tunapoyafuata kwa mawazo hadi Njoro Kubwa, chemchemi ya Taveta.

Miaka ya 1960 wataalamu walilipima jambo hili kwa isotopi, yaani chembe za maji zinazotofautiana kwa uzito. Maji yakikaa ziwani juani, chembe nyepesi huvukizwa upesi kuliko nzito, kwa hiyo maji ya Chala hubeba alama ambayo mvua ya mlimani haina. Walipoitafuta alama hiyo kwenye chemchemi za jirani, waliikuta kwa kiasi kidogo tu. Yaani maji mengi ya chemchemi hupita njia yake chini kwa chini bila kuingia ziwani. Pampu ya ziwani huonwa na kila mtu na kuzua kelele, lakini kwa usalama wa chemchemi ningeogopa zaidi visima virefu vinavyoongezeka mteremkoni, ambavyo hakuna anayevipigia kelele.

Na chemchemi ya Mzima, inayopeleka maji Mombasa? Wengi huihesabia Kilimanjaro. Sehemu kubwa ya maji yake inatoka Vilima vya Chyulu, ndani ya Kenya.

“Kilicho chini ya shamba langu ni changu.”
Hata nyumbani si hivyo. Sheria ya Tanzania ya 2009 na ile ya Kenya ya 2016 zote zinayaweka maji chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kibali kinahitajika. Kati ya nchi na nchi, Umoja wa Mataifa ulipokea kanuni mwaka 2008: kila nchi ina mamlaka juu ya sehemu yake ya mwamba wenye maji, ila itumie kwa haki na isimdhuru jirani kwa kiasi kikubwa. Kanuni hizo ni mwongozo, si mkataba unaofunga.

“Wao wakichimba leo, sisi tunakauka kesho.”
Pampu hushusha maji kuizunguka kwanza, kwa umbo la faneli, na athari husambaa polepole. Tena mwamba wa volkano una mipasuko isiyo na mpangilio: kisima kimoja kikavu, cha pili ng’ambo ya ua kinatoa maji tele. Wa kwanza kulalamika mara nyingi ni jirani wa nchi yako mwenyewe.

“Mambo haya ni ya marais.”
Si lazima. Maji yaliyo chini ya Geneva, Uswisi, yalishuka takribani mita 7 katika miaka ya 1960 na 1970 kwa kuvutwa kupita kiasi. Mwaka 1978 jimbo la Geneva lilitia saini mkataba na uongozi wa Haute-Savoie, upande wa Ufaransa. Tangu 1980 kituo cha Vessy huchuja maji ya mto Arve na kuyarudisha ardhini, pande zote mbili huchangia gharama, na maji yanayovutwa hupimwa kwa mita. Mwaka 2008 mkataba mpya ulianza, wa miaka 30, ukiwa umesainiwa na mamlaka za mitaa.

Kipimo chenyewe cha kuanzia si ghali. Ni utepe wenye kitambuzi mwishoni. Unauteremsha kisimani, ukigusa maji unalia, unaandika kina na tarehe. Visima vya Rombo, upande wa Tanzania, na vya Taveta vikipimwa wiki ileile na daftari zikabadilishwa, Moshi na Nairobi watabishana wakiwa na namba mezani.