Boise si mji wa kujaza mafuta tu: mambo ambayo watu wanayakosea

Ndugu zangu wengi wanaoendesha gari kutoka Salt Lake City kwenda Portland au Seattle wakifika Boise, Idaho, wanajaza mafuta, wananunua maji, wanasepa, halafu ukiwauliza wanakwambia pale hamna kitu. Inaniuma kwa kweli, maana masaa matatu tu ya kutembea kwa miguu pale mjini kati yanakuonyesha vitu ambavyo miji mingi mikubwa ya Marekani haina.

Kosa la kwanza ni kudhani umeshaiona Boise ukiwa haiwei. Hujaiona. I-84 inapita kusini ya mji, unachokiona pale ni maduka makubwa, mahoteli na sheli. Inabidi uchepuke uingie I-184, wenyewe wanaiita Connector, ni kama kilomita 6 hivi na inakuingiza moja kwa moja katikati ya mji. Ukishapaki gari liache hapohapo, kwa sababu kutoka jengo la bunge la jimbo mpaka mtaa wa Wabaski ni kama dakika kumi kwa miguu, na katikati hapo unapita Freak Alley, kichochoro kilichojaa michoro ukutani ambacho mwaka 2002 kilianza na mchoro kwenye mlango mmoja tu wa nyuma.

"Idaho ni viazi tu." Viazi vipo kweli, ila mashamba makubwa yanayosifika yako mbali zaidi upande wa mashariki kwenye bonde la mto Snake. Boise ni makao makuu ya jimbo, mji wa watu zaidi ya 235,000 kwa sensa ya 2020.

Hilo jengo la bunge lilijengwa kati ya 1905 na 1920, mawe yake ya mchanga yalichongwa Table Rock, kilima unachokiona ukiwa mjini, na wafungwa wa gereza la jimbo ndio walioyabeba. Kuingia ni bure. Wageni wakisimama chini ya kuba wanapiga picha zile nguzo wakiamini ni marumaru. Si marumaru. Sogea karibu uiangalie ile mishipa ya rangi, ni plasta iliyochanganywa na gundi na rangi kisha ikasuguliwa mpaka ikang'aa, kazi ya fundi mwenye mkono wake. Marumaru halisi ipo pia humo ndani, nyingine imetoka Alaska, nyingine Georgia, Vermont mpaka Italia.

Halafu kuna hili la jotoardhi, watu wakilisikia wanafikiria Olkaria kule Kenya na umeme. Boise hawazalishi umeme, wanachukua maji ya moto yenyewe kutoka ardhini, karibu nyuzi 80 za selsiasi, wanayapitisha kwenye mabomba kupasha joto majengo wakati wa baridi, na walianza mwaka 1892, kabla ya mji mwingine wowote Marekani. Ndiyo bunge la jimbo pekee nchini humo linalopashwa joto namna hiyo, na wewe unakanyaga juu ya mabomba hayo mtaani bila kujua.

Sasa Basque Block, ule mtaa wa Wabaski, pale Grove Street, ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kote. Wengi wanasema Wabaski ni Wahispania tu. Hapana, Wabaski ni watu wa milima iliyo mpakani mwa Hispania na Ufaransa, lugha yao Kieuskara haina undugu na Kihispania wala lugha nyingine yoyote inayojulikana. Na wengine wanadhani walikuja Idaho kwa sababu kwao walikuwa wachungaji wa kondoo, kumbe wengi wao hawakuwahi kuchunga makundi makubwa namna ile, waliichukua hiyo kazi kwa sababu haikudai Kiingereza. Yaani kijana anakaa mlimani miezi na mbwa wake na kondoo maelfu, baridi ikianza anashuka Boise kupanga kwenye nyumba za Wabaski wenzake, huko anapata chakula cha kwao na mtu wa kumtafsiria kwa daktari. Nyumba mojawapo, ya matofali, ya 1864, bado imesimama na inasimamiwa na jumba la makumbusho la Wabaski. Jirani yake kuna jengo la Anduiza la 1914, ukiliona kwa nje utasema ni ofisi tu, ila ndani lina uwanja wa mchezo wa mpira wa kupiga ukutani na mpaka leo watu wanacheza humo.

La mwisho ndilo ninaloulizwa zaidi, eti Idaho mtu mweusi asishuke kwenye gari. Hofu hii ina chanzo. Kundi la wabaguzi la Aryan Nations lilikuwa na kambi karibu na Hayden Lake, kaskazini kabisa, zaidi ya kilomita 600 kutoka Boise, na mwaka 2000 mahakama ililibwaga kwa fidia ya dola milioni 6.3, likafilisika likapoteza na hiyo kambi. Siwezi kusema ubaguzi umekwisha, mwaka 2020 kuna watu walibandika alama za Kinazi kwenye kumbukumbu ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyefia kambi ya Wanazi, pale pale Boise, kando ya mto. Ila hiyo kumbukumbu wananchi wenyewe ndio waliochanga ikajengwa, ikafunguliwa 2002, na Azimio la Haki za Binadamu limechongwa humo kwenye jiwe. Hatua chache kutoka hapo, Julia Davis Park, kuna makumbusho ya historia ya watu weusi wa Idaho ndani ya lililokuwa kanisa lao. Na Boise imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, kwa hiyo usishangae ukisikia Kiswahili sokoni.

Kama unatokea Portland, usingoje mpaka wa jimbo ndio ubadilishe saa, saa inasogea mbele ukiwa bado Oregon mashariki. Unadhani ni saa nane mchana kumbe Boise ni saa tisa, na makumbusho ya Wabaski yanakaribia kufunga. Jumapili hayafunguliwi kabisa.