Je, wajua kwa nini mchuzi wa maharage huharibu pipa zima la karatasi?

Wiki ya mitihani, pita jioni nje ya mabweni ya chuo. Pipa limefurika fotokopi za mitihani ya zamani na chupa za maji, na juu kabisa kuna boksi la wali maharage lililoachwa nusu. Limepinduka. Mchuzi unashuka polepole, karatasi hadi karatasi, na kila unapopita unaacha doa la mafuta. Asubuhi muokota taka akija, atachukua chupa. Karatasi ataziacha.

Aziache kwa nini, wakati zina soko? Jibu liko kiwandani. Karatasi kuukuu hulowekwa majini na kukorogwa mpaka iwe kama uji. Nyuzi za mti huachana, wino huondolewa, kisha nyuzi zilezile hutandazwa upya, hukamuliwa na kukaushwa hadi zishikane. Sasa mafuta hayachanganyiki na maji. Hung'ang'ania nyuzi, yakazizuia kushikana, na karatasi mpya ikatoka na madoa, pengine na matundu. Unyevu wa chakula nao huleta ukungu, na ukungu huzila nyuzi hata kabla mzigo haujafika kiwandani.

Hili linaniuma kwa sababu vyuo hutupa karatasi nzuri kuliko sehemu nyingi. Karatasi nyeupe ya fotokopi ina nyuzi imara, na nyuzi huweza kurejelezwa kama mara 5 hadi 7 kabla hazijawa fupi mno. Notisi za muhula mmoja bado zina maisha marefu mbele yake.

Chakula nacho kinapata hasara. Kikichanganywa na majani makavu, yale yanayofagiliwa kila asubuhi chini ya miti ya chuo na mara nyingi kuchomwa moto, hugeuka mboji kwa miezi michache. Kikifukiwa jalalani pamoja na plastiki, hewa haipiti. Hapo bakteria wasiohitaji hewa hutoa methani, gesi ambayo, kilo kwa kilo, hunasa joto zaidi ya mara 25 kuliko kabonidioksidi katika kipindi cha miaka 100.

Kenya ilishalitungia jambo hili sheria: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi za umma na binafsi kutenga taka zinazooza na nyinginezo, katika vyombo vyenye rangi na maandishi. Kwangu mimi, maandishi yana uzito kuliko rangi. Mwanafunzi anayewahi kipindi hakumbuki kijani ni cha nini. Andikeni MABAKI YA CHAKULA na KARATASI KAVU kwa herufi kubwa, usawa wa macho, na mapipa yawekwe mawili mawili, bega kwa bega, kuanzia mlango wa kantini hadi ngazi za bweni. Pipa likisimama peke yake litatupiwa kila kitu.