Ustawi wa mtoto transjenda: mtafiti hupima nini hasa?

Mtoto transjenda ni yule anayejijua kuwa wa jinsia isiyo ile aliyoandikishwa alipozaliwa. Aliandikwa msichana naye anajijua mvulana, au kinyume chake. Mtafiti wa ustawi wake hana kazi ya kuamua kama mtoto huyo anasema kweli au la. Swali lake ni jingine: mtoto huyu anaendeleaje? Analala usingizi? Anakula? Ana rafiki hata mmoja? Anaogopa kwenda shule, na kama anaogopa, anaogopa nini?

Hapa Uganda maneno haya huleta kelele kwa sababu mambo yasiyofanana hutiwa kwenye kapu moja. Khuntha ni suala la mwili: mtoto huzaliwa na maumbile yasiyokuwa wazi kuwa ya kike au ya kiume. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 inamtambua, na kifungu cha 38 kinaruhusu kumbukumbu zake zibadilishwe baada ya upasuaji, daktari akithibitisha na mzazi au mlezi akiomba. Ushoga unahusu mtu anavutiwa na nani kimapenzi, na mtoto wa miaka sita hana habari na hayo. Utransjenda unahusu mtu anavyojijua. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliondoa hali hii kwenye kundi la maradhi ya akili na kuiweka kwenye sura ya afya ya kijinsia. Mtafiti makini huanzia hapo: hamchukulii mtoto huyo kuwa mgonjwa wa akili, ila anataka kujua kwa nini baadhi yao wanaumia sana na wengine hawaumii.

Kazi inayotajwa mara nyingi ni ya mwanasaikolojia wa Marekani, Kristina Olson, aliyeanza mwaka 2013 kufuatilia zaidi ya watoto 300 na familia zao. Watoto hao walikuwa tayari wanaishi kijamii kwa jinsia wanayojijua, yaani jina, mavazi na namna ya kuitwa, bila dawa wala upasuaji. Mwaka 2016 alitoa matokeo ya watoto 73 wa miaka 3 hadi 12. Wazazi walijibu maswali kuhusu huzuni na wasiwasi wa watoto wao kwa kipimo ambacho alama 50 ndiyo wastani wa watoto wote nchini humo. Kwa huzuni walipata 50.1, sawa na mtoto mwingine yeyote. Kwa wasiwasi walipata 54.2, juu kidogo tu. Ni matokeo yaliyowashangaza wengi, maana tafiti za awali za watoto wa aina hii zilizoea kukuta huzuni nyingi.

Lakini mtu asiyasome kwa pupa. Familia zile zilijitokeza zenyewe, nyingi zilikuwa na uwezo, na waliojibu ni wazazi ambao tayari walikuwa wamemkubali mtoto. Matokeo hayo hayawezi kutueleza yanayompata mtoto aliyefukuzwa nyumbani. Hayawezi pia kuthibitisha peke yake kwamba kukubaliwa ndiko kulikoleta nafuu. Kinachoonekana ni kwamba unyonge wa moyo si lazima uzaliwe pamoja na mtoto. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu linatugeuza tutazame mazingira yake.

Na mazingira ya Uganda yana sura yake. Wanafunzi wengi wa sekondari hulala bwenini, kwenye kitanda cha ghorofa, chini ya macho ya metroni. Sare ni gauni au suruali, na hakuna katikati. Kuna mtoto anayeacha kunywa maji tangu asubuhi ili asilazimike kwenda choo cha shule, jioni kichwa kinamuuma, na mwalimu anaandika kwamba hazingatii masomo. Dodoso lililotungwa ng'ambo halitaliona hilo, kwa sababu halikuuliza juu ya maji. Buganda, msichana anapokaribia kuvunja ungo, shangazi yake, ssenga, humkalisha na kumfunza mambo ya kike. Kwa wengi ni malezi mema. Kwa mtoto anayejijua mvulana, huenda ndio wakati mgumu kuliko yote, na mtafiti asiyemjua ssenga atamkosa mtu muhimu kuliko hata daktari.

Kisha kuna sheria. Muswada wa kupinga ushoga uliopitishwa na Bunge Machi 2023 ulifanya hata kujitambulisha kuwa transjenda liwe kosa. Rais Museveni aliurudisha, na ule uliopitishwa tena Mei na kutiwa saini mwezi huohuo haukuwa na kifungu hicho. Hata hivyo, adhabu ya hadi miaka 20 kwa "kukuza" ushoga imebaki, na mstari kati ya kueleza na kukuza haujachorwa vizuri. Kifungu cha 14, kilichomlazimisha mtu kuripoti anayemshuku kwa kosa la ushoga, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Aprili 3, 2024. Kwa mtafiti kufutwa huko kuna uzito wa pekee: kilipokuwapo, kumwahidi mtoto siri kulikuwa ni kumdanganya.

Ndiyo maana ridhaa hapa ni moyo wa kazi nzima. Miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia inataka mzazi au mlezi atoe idhini, na mtoto wa miaka 8 na kuendelea aulizwe mwenyewe kama anakubali. Akikataa, mzazi hana uwezo wa kumlazimisha. Sasa fikiria kijana wa miaka 15 ambaye hajamwambia baba yake lolote. Kumpelekea baba fomu yenye kichwa cha utafiti ni kumfichua mtoto ndani ya nyumba yake. Mtafiti mwenye utu atajadiliana na kamati ya maadili njia nyingine, au atamwacha kijana huyo nje ya utafiti. Naona afadhali tukose takwimu kuliko mtoto akose pa kulala.

Hata maelezo madogo humponza mtu. Kuandika umri, shule na wilaya kwa pamoja kunatosha kwa mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa kijiji, kumjua mtoto bila kutajiwa jina. Basi badala ya wilaya huandikwa eneo, badala ya umri huandikwa rika, na rekodi za sauti hufutwa zikishaandikwa.

Siri nayo ina kikomo, na mtoto lazima aambiwe kabla hajafungua kinywa: akisema anapigwa au anataka kujidhuru, mtafiti hatanyamaza. Ipo simu ya bure ya Sauti, namba 116, chini ya wizara inayoshughulikia watoto. Mtafiti atafute mapema mshauri wa watoto na kliniki ambako mtoto wa namna hii atapokewa kama mtoto mwingine, ahakikishe wapo tayari, ndipo aanze kuuliza maswali.