Samaki wa Ziwa Nakuru na madini ya sumu: maswali ya akina mama kliniki

Tangu maji ya ziwa yapande na kumeza nyumba za mitaa ya Mwariki na Barut, vijana wamekuwa wakivua tilapia humo na kuwapitisha mitaani kwa mabeseni. Onyo limeshatolewa kwamba samaki hao si salama kwa sababu ya madini ya sumu. Hata hivyo, katika kliniki ya wajawazito bado napokea akina mama wanaowala kila wiki. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Madini ya sumu ni yapi?
Risasi (ile ya betri, “lead”, si ya bunduki), zebaki, kadimi na aseniki. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, kadimi hukaa kwenye figo, zebaki hushambulia ubongo.

Yamefikaje ziwani?
Yametoka kwetu. Mvua ikinyesha mjini, maji husomba mafuta ya gereji, betri zilizotupwa na taka za viwandani, yakateremka nazo hadi ziwani. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji hupungua kwa kugeuka mvuke tu, na mvuke haubebi risasi.

Nikimkaanga hadi akauke, sumu si itaisha?
Haiishi. Moto huua vijidudu, na risasi si kijidudu. Mchemshe saa nzima, mtie ndimu, mroweke kwenye chumvi usiku kucha: sumu iko palepale. Tena ukimkausha kwenye karai unamtoa maji tu, kwa hiyo kipande kidogo kinabaki na sumu ileile.

Je, nikitoa matumbo na matamvua?
Hapo unapunguza, kwa sababu ini, figo na matamvua ndimo risasi na kadimi hujikusanya. Lakini zebaki imeshikana na nyama yenyewe, huwezi kuikata kwa kisu. Na kuna jambo linaloniuma: wakubwa wanakula mnofu, halafu kichwa kizima na matamvua yake kinachemshiwa mtoto supu, eti apate nguvu. Tafadhali, acheni.

Maziwa hayakati sumu?
Hayakati. Maziwa ni chakula kizuri cha mjamzito, kunywa. Ila hayawezi kuifuata risasi iliyokwisha kuingia mfupani ikatoka. Makaa ya kusaga hayaitoi. Mitishamba haiitoi, na mingine ina risasi yake.

Mbona tumekula muda mrefu na hakuna aliyeumwa?
Hili ndilo jibu linalonikosesha usingizi. Mnangoja tumbo likate au mtu aharishe, kama chakula kilicholala. Sumu hii haiji hivyo. Inaingia kidogo kidogo, na mwili hauitoi kwa kasi inayoingia. Ukiwa mjamzito, risasi iliyolala mifupani huamka, ikaingia kwenye damu na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Wewe unajisikia mzima. Ubongo wake ndio unaojengwa ndani ya sumu.

Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu wakala samaki wa hapo. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Walikuwapo akina mama waliokuwa na dalili kidogo tu, au hawana kabisa, lakini wakazaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Kwa hiyo nasema tena: kutoumwa si kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zikija huwaje?
Kwa mtoto: kudumaa, kuchelewa kuongea, kushindwa kutulia na kushika masomo, damu kupungua. Kwa mtu mzima: tumbo kusokota, choo kufunga, presha kupanda, ganzi mikononi, kutetemeka. Zote zina sababu nyingine pia, ndiyo maana huwezi kuzikisia nyumbani.

Basi niache samaki kabisa?
Usiache. Mjamzito anahitaji samaki. Kula omena, kula tilapia wa bwawa la kufugia lenye maji safi. Mbuta wakubwa wapunguze, kwani samaki anayekula wenzake hukusanya zebaki zaidi kadiri anavyokua. Muulize muuzaji samaki ametoka wapi. Akibabaika, ondoka, hata kama bei ni nusu.

Nimeshawala na nina mimba. Nifanyeje?
Acha leo, si beseni hili likiisha. Njoo kliniki useme wazi umekula kwa muda gani. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu. Hakuna atakayekugombeza. Damu hupimwa risasi na zebaki, na ikibidi utapewa rufaa. Dawa ya kuondoa madini ipo, lakini hutolewa hospitalini baada ya kipimo, chini ya daktari. Anayenyonyesha asimwachishe mtoto kabla hatujazungumza. Na mtoto akipata degedege au akilegea na kulala kupita kiasi, usimpeleke kwa mganga, usimnyweshe maziwa: mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.